Sehemu ya Kimya

Katika mji wetu hakuna mtu aliyeisikiliza redio ya manispaa kunishinda mimi. Niliisikiliza kuanzia wimbo wa asubuhi mpaka ile salamu ya kufunga, siku baada ya siku, bila kubadilisha stesheni. Wakati huo mgongo ulikuwa umenikamata, nimelala kitandani kama gunia la mbaazi, na redio iko juu ya kabati upande wa pili wa chumba. Nilipopata nguvu za kuinuka, kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda kuizima.

Mji wenyewe sitautaja. Uko Kitui, si mbali sana na Kwa Vonza, na wenyewe wakisoma hapa watajijua. Redio tuliletewa na wageni kutoka mji mmoja wa ng'ambo, mji wa baridi, uliofanya urafiki na mji wetu kwa kupigana picha na kupeana bendera. Walitupa mlingoti, mtambo, na masanduku ya santuri: vinanda, fidla, na kwaya za watu wanaoimba kama waliobanwa vidole na mlango. Sharti lilikuwa kwamba redio iwe mali ya manispaa, na icheze muziki huo tu. Wakubwa wetu walipiga makofi. Nadhani walifikiri masanduku yana vitu vingine.

Sasa, mtu wa kwetu akisikia fidla redioni anajua jambo moja: kuna mkubwa amekufa. Tumelelewa hivyo. Rais akifa, redio zote hulia fidla mpaka azikwe, na hata redio za Kikamba, kabla ya kusoma majina ya marehemu jioni, hutia kifidla kidogo ili mtu aweke sahani chini asikilize vizuri. Basi siku redio ya manispaa ilipofunguliwa, Salim wa duka la vitambaa alifunga milango yote, akavaa kofia yake nzuri, akaketi nje kungoja jina. Akina mama wakajifunga leso. Sokoni hakuna aliyeuliza bei ya kitu. Wimbo ulipoisha, sauti nzuri ya mwanamume ikasema, "Mlikuwa mkimsikiliza mtunzi mashuhuri wa Ujerumani, aliyefariki akiwa maskini."

"Woi," akasema mama mmoja wa ndizi. "Pole zao. Mazishi ni lini?"

Tulipogundua kwamba hakuna mazishi, tulirudi kwa redio zetu za zamani, zile zenye mazishi ya kweli.

*

Mwenye sauti hiyo aliitwa Kilonzo. Kimo chake kilikuwa cha kawaida, sauti ndiyo haikuwa ya kawaida. Kanisani kwao yeye ndiye aliyekuwa akisoma matangazo, na watu waliosinzia mahubiri yote waliamka kumsikia akisema mkutano wa akina mama umeahirishwa. Manispaa ikamchukua kwa sababu ya sauti hiyo. Mwanzoni alizicheza zile santuri kama mtu anayechunga ng'ombe wa jirani. Halafu, bila kumwambia mtu, akaanza kuzipenda. Kulikuwa na moja ya fidla tupu, haina mwimbaji wala ngoma. Akiiweka hiyo alifunga mlango wa studio akalia, na akimaliza kulia alijisikia kama mtu aliyeoga.

Kazi ilikuja na nyumba, vyumba viwili vya mawe nyuma ya ofisi za manispaa, na mfereji wa maji uani. Huo mfereji uuangalie vizuri wewe unayesoma. Mji wetu maji ni ya kukimbizana na mikokoteni, na mkewe Kilonzo, jina lake Kalunde, hakuwahi kumfungia jirani lango. Mitungi yetu ilipanga foleni kwake kama watoto wa shule. Kwao Mutomo, walikotoka, nyumba yao ilikuwa imeliwa na mchwa ikalala chini, na maji kule unayafuata na punda. Magoti ya Kalunde yalikuwa yamekwisha. Alikuwa akisema, "Mimi nikirudishwa kwa punda, itabidi punda mmoja abebe maji na mwingine anibebe mimi."

Tulicheka. Yeye pia alicheka, lakini alikuwa akiutazama mfereji.

Halafu mvua ya kwanza ya mwaka huo ikaja na radi moja, kama iliyotumwa na mtu, ikapiga mlingoti wa manispaa ikaondoka zake. Kilonzo alifungua mlango wa chumba cha mtambo akasikia harufu ya plastiki iliyoungua. Alibonyeza kila kilichobonyezeka. Fundi alikuwa amehamia Makueni zamani, mishahara ilipoanza kusuasua, na simu yake haikushikwa. Kilonzo akafunga ule mlango, akaketi kwenye kiti chake mbele ya maikrofoni iliyokufa, akangoja watu waje kuuliza mbona redio imenyamaza.

Alingoja siku hiyo na kesho yake. Wiki ikaisha. Hakuja mtu.

Nafikiri hilo ndilo lililomvunja, kuliko radi.

*

Aliitwa na meneja wa manispaa kabla hajaamua kama atasema au atanyamaza. Meneja huyo, Bwana Mwau, alikuwa kijana mwenye adabu, na mtu mwenye adabu ndiye mgumu kumchukia. Alimpa Kilonzo kiti.

"Mzee wangu, wewe ni mtu mzima, sitakuzungusha," Mwau alisema. "Juzi akina mama wamenijia hapa na mitungi mitupu. Wameipanga hapo kwenye zulia. Nikiwaambia gari la maji halina dizeli lakini tunayo redio ya fidla, utanisaidia kuwajibu?"

"Muziki hutuliza moyo, mheshimiwa."

"Moyo wa nani?"

Kilonzo alitazama zulia. Bado lilikuwa na alama za mitungi.

"Sitaki kufunga kitu ambacho watu wanakipenda," Mwau akaendelea. "Jumamosi tutafanya baraza pale ukumbini. Watu waje wenyewe waseme. Wakisema wanaisikiliza, nitaitetea mbele ya bodi, na mtambo utengewe fungu lake la matengenezo. Wakikosa, tunafunga. Na ile nyumba itabidi tumpe afisa wa maji, hana pa kulala."

"Nimekuelewa, mheshimiwa."

"Na leo mnatuchezea nini?" Mwau aliuliza kwa heshima tu. Redio yake mezani ilikuwa ikisema habari za Nairobi.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mdomo wa Kilonzo ulifunguka, na neno matengenezo likapita mbele ya macho yake kama gari la maji. Mtambo ukionekana umekufa leo, nani atauitia watu baraza Jumamosi? Ukipona kwenye baraza, utatengenezwa. Ni siku chache tu za kunyamaza, na hata sasa ulikuwa umenyamaza bila kumsumbua mtu.

"Vinanda," akasema. "Leo ni vinanda."

*

Kila asubuhi alifunga tai, akaaga, akashika njia ya studio mpaka Kalunde asimwone, kisha akapanda pikipiki ya mtu wa kanisani kwao hadi Kwa Vonza. Nyumbani unga ulikuwa umebaki wa kupangusa. Alienda kutafuta kibarua, na mtu wa tai hapewi kibarua cha kubeba mizigo, watu wanaona haya. Aliyemwita ni Kyule, muuzaji wa sumu ya panya, mwenye mkokoteni na spika juu yake.

"Si wewe ndiye wa ile redio ya matanga?" Kyule aliuliza.

"Ni redio ya muziki."

"Hiyo hiyo. Mzee, hebu nisaidie. Sauti yangu hii watu wakiisikia wanadhani nimewatukana. Nirekodie kwa simu, niweke kwa spika."

Walikaa nyuma ya kibanda, katikati ya vifuko vya sumu ya unga, rangi ya waridi, na Kilonzo akakohoa, akasema, "Sumu ya panya, mende na kunguni inapatikana hapa."

"La, la. Hivyo unasoma risiti. Tia ile huzuni yako. Panya amekufa, mzee! Muage!"

Mwanamke aliyekuwa akiuza mitumba karibu nao alicheka mpaka akashika nguzo. Kilonzo akalegeza tai. Akafumba macho. Alichokuwa nacho kichwani ilikuwa ile fidla ya peke yake, na maneno yakamtoka yenyewe:

"Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Karibuni tuwe pamoja. Nyumbani mwako kuna mgeni anayekula kabla yako, analala baada yako, na ananenepa kuliko watoto wako. Msindikize leo, kwa heshima. Panya, mende, kunguni. Kwaherini, na asanteni kwa kutusikiliza."

Kyule aliacha kurekodi. Alipangusa jicho. "Mzee," alisema, "hata mimi nimemhurumia yule panya."

"Sharti moja," Kilonzo akasema. "Mjini kwetu usiipige. Hapa Kwa Vonza sawa, huko Makueni sawa. Kwetu, hapana. Mke wangu yuko huko."

"Mjini kwenu nifuate nini? Panya ni wengi kuliko watu. Mimi nafuata umati, mzee. Palipo umati ndipo nilipo."

Akamfungia unga wa ugali na mafuta ya kupikia katika gazeti. Siku zilizofuata walirekodi zaidi: ya viroboto, ya siafu, ya mchwa. Ile ya mchwa Kilonzo aliisema kwa moyo wake wote, akiikumbuka nyumba ya Mutomo.

*

Jioni Kalunde alikuwa akimngoja na redio dirishani, waya wa hewa umesimama juu kabisa, tayari kama askari.

"Baba Katunge, leo umetangaza vizuri."

"Ulisikia?"

"Kwani mimi ni kiziwi? Ule wa vinanda."

"Ulikuwa wa fidla."

"Fidla ilikuwa nyuma ya kinanda," Kalunde akasema, akageukia sufuria.

Ukweli wa redio hiyo ni kwamba betri zake zilikuwa ndani ya tochi tangu stima ilipokatwa, na hazikurudi. Kalunde hakusikia kitu. Hata zilipokuwepo, mume akishatoka alikuwa akihamia redio ya Kikamba kusikia nani amekufa, kisha anairudisha mahali pake kabla hajaingia. Miaka yote hiyo alimsifu kila jioni, kama vile anavyompa maji ya kunawa. Aliona mwanamume anayeongea na chumba kitupu mchana kutwa anahitaji mtu wa kumjibu.

Kilonzo akaishika redio aipanguse vumbi. Ilikuwa nyepesi kama kiberiti kilichoisha. Aliishikilia pale hewani kidogo, akamtazama mkewe mgongoni, akairudisha dirishani polepole. Angemuuliza nini? Yeye mwenyewe alikuwa ametoka kusindikiza panya.

"Na huu unga?" Kalunde aliuliza, akifungua gazeti.

"Msikilizaji ameniletea."

"Msikilizaji!" Kalunde aligeuka mzima mzima. "Wa kweli?"

"Wa Kwa Vonza. Ameipenda sauti."

"Kumbe wapo," Kalunde akasema taratibu. Halafu akaona kitu. "Na hii mkononi mwa shati ni nini, hii ya waridi?"

"Vumbi la santuri. Za zamani zina vumbi hivyo."

Alimweleza habari ya baraza wakila. Kalunde aliacha kula. Aliuliza mara moja tu, "Na nyumba?" na alipojibiwa hakuuliza tena.

"Nikusanyie akina mama," Kilonzo alisema. "Wao waseme. Lakini wewe, Mama Katunge, nakuomba, usisimame. Wewe kaa tu."

"Kwa nini mimi nikae?"

"Wewe ni mke wangu. Haitapendeza."

Kalunde alifikiri ni kwa sababu aliishia darasa la tano, na Mwau ana digrii. Lilimuuma, akalimeza na ugali.

*

Mazoezi yalifanyika kwa Mwanahamisi, kwenye kibanda chake cha mahamri. Huyo ni mtu wa pwani kwa babu yake na wa Kitui kwa kila kitu kingine, na ulimi wake hauna breki.

"Sikilizeni," Mwanahamisi alisema, kijiko cha mafuta mkononi. "Mkiulizwa wimbo gani, msitaje jina. Mtu akitaja jina amekwisha. Semeni, 'Zote nzuri, inategemea ninapika nini.'"

"Na kama ataniuliza saa ngapi?" akauliza mama wa ndizi.

"Saa zote. Wewe huna kazi, unajulikana."

"Mwanahamisi! Kwani wewe umeisikiliza lini?"

"Mimi nimeisikiliza, shoga. Ilinifundisha kuzima redio kwa mguu."

Kalunde hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye debe, mikono mapajani. "Dada zangu," alisema, "mimi siwezi kurudi Mutomo." Mafuta yakawa yanatoa sauti peke yake. Sote tuliufikiria mfereji. Fidla hatukuijua, lakini mfereji wa Kalunde tuliujua kila mmoja kwa mtungi wake.

"Tukae vipi ikichezwa?" mmoja akauliza kwa upole. "Isije ikachezwa tukaanza kupiga makofi."

"Kaeni kama matangani," Mwanahamisi akasema. "Hapo hamtakosea."

Simu ya Kalunde ikalia. Ilikuwa ni Katunge, binti yake, anayefanya kazi ya hoteli kule Malili, barabara kuu ya Mombasa. Kila mara Katunge hupiga simu akiwa na salio la kutoshea pumzi moja.

"Mama! Nimemsikia baba! Hapa Malili! Sauti yake kabisa, watu wamesimama barabarani wanasikiliza, madereva wa malori wanasi—"

Ikakatika.

Kalunde aliishusha simu kama mtu aliyebeba yai. "Amemsikia Malili," akasema. "Makueni, jamani. Madereva wa malori." Na machozi yakamtoka, kwa sababu miaka yote hiyo alikuwa akimdanganya mume kwamba anasikika, kumbe alikuwa anasikika kweli.

*

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Akina mama walikuja na leso zao nzuri na mitungi, mitungi waliiacha nje kwa heshima. Mwau alikaa mbele mezani na watu wa bodi. Kilonzo alisimama nyuma karibu na mlango, tai imemkaba.

Na mambo yalikwenda vizuri, lazima niseme. Salim alisimama akasema tangu redio ije, wateja wake wananunua vitambaa kwa utulivu. Mama wa ndizi akasema ndizi zake zinaiva vizuri zikisikia vinanda. Mwanahamisi akasema mumewe alikuwa na hasira, sasa ana usingizi. Bodi ilicheka, lakini kicheko kile cha watu wanaolainika.

"Kusema kweli," Mwau alisema, "sikutegemea haya. Nilidhani nitakuta viti vitupu." Aliinuka. "Kama hakuna mwingine, mimi nafikiri naweza kuwaambia bodi—"

"Yuko mwingine," Kalunde akasema, akasimama.

Kule nyuma Kilonzo alitikisa kichwa. Alitikisa tena. Kalunde alimwona, na hilo la darasa la tano likampanda kooni.

"Mheshimiwa, mimi ni mkewe, lakini masikio ni yangu. Wamesema wanasikiliza, sawa. Mimi nimemsikiliza hata leo asubuhi. Saa mbili. Ilikuwa fidla, na kinanda kwa nyuma. Na hatusikilizi sisi wa hapa tu. Binti yetu yuko Malili. Juzi amenipigia, amemsikia baba yake huko huko, na watu wamesimama barabarani."

"Malili?" Mwau aliwageukia wale wa bodi. "Mlingoti wetu unafika Makueni?" Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyekuta noti kwenye koti la zamani. "Mnaona! Mimi mwenyewe sijaisikiliza hata siku moja, na naona aibu kusema hivyo. Hebu tuisikilize sote, sasa hivi. Nani ana redio?"

"Mimi ninayo," Kalunde akasema, akaitoa kiondoni. Alikuwa amekuja nayo kama ushahidi, amesahau, katika ile furaha yote ya Malili, kwamba ushahidi hauna tumbo.

Mwau alikizungusha kitufe. Akakizungusha tena. Akafungua nyuma. Mahali pa betri palikuwa na buibui mmoja, naye hakupenda mwanga.

Ukumbi ulicheka. Kalunde aliinamisha kichwa.

"Zimeisha leo leo!" Mwanahamisi alipaza sauti. "Kwa kusikilizwa! Salim, lete yako!"

Salim alikwenda dukani mbio akaja na redio kubwa ya kuvutia wateja. Ikawekwa mezani, Mwau akapeleka mshale taratibu mpaka pale pa manispaa, akaongeza sauti hadi mwisho.

Shhhhhhhhhhh.

Wazee wakavua kofia. Akina mama wakainamisha vichwa, mikono mapajani, kama tulivyofundishwa. Mama wa ndizi alijipangusa macho kwa ncha ya leso. Mwau alitazama huku na huku.

"Huu," akauliza, "ndio muziki wenyewe?"

"Ndio huu, mheshimiwa," tukamjibu kwa pamoja.

"Huu nitaujua popote," akasema mama wa ndizi. "Ni kama mvua juu ya bati."

Na kweli ulikuwa hivyo. Katika ukame ule, wako waliousikiliza kwa moyo mmoja. Lakini Kalunde alikuwa ameinua kichwa. Hata mtu anayehamia redio ya Kikamba kila siku anapita pale pa manispaa akienda, na anajua pale pakiwa na kitu panavyolia. Alimtafuta mumewe kwa macho.

"Bwana Kilonzo," Mwau aliita. Hakukasirika. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba asaidiwe asikasirike. "Hebu tueleze. Hii ni nini?"

Kilonzo alitembea mpaka katikati ya viti. Aliunganisha mikono mbele kama alivyokuwa akisimama kanisani.

"Ni sehemu ya kimya, mheshimiwa," alisema, kwa sauti ile nzuri, na watu wakageuka wote kumsikia. "Muziki huu una sehemu za kimya. Mtunzi aliziweka kwa makusudi, ili mtu apumue, amkumbuke mtu wake. Hii ni ndefu kidogo. Itaisha."

Mwau aliketi. Akangoja. Mtu mwenye adabu hungoja. Bodi ikangoja, sote tukangoja, mvua ile isiyo na maji ikatunyeshea, na Kalunde akawa anamtazama mumewe mkononi mwa shati, pale palipokuwa na vumbi la santuri.

"Wasikilizaji wapendwa," ikasema sauti ya Kilonzo, tamu, pana, imejaa ukumbi mzima, "habari za asubuhi. Karibuni tuwe pamoja."

"Huyo!" Mwanahamisi akaruka. "Si huyo! Kimya kimeisha!"

"Nilisema!" Kalunde alipiga makofi, machozi yakimtoka. "Nilisema mimi! Huyo ni yeye!" Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja wa bodi alimpa Mwau mkono. Mwau alikuwa akicheka, amesimama, amenyoosha kidole kwenye redio kama mtu anayeonyesha mtoto wake.

"Nyumbani mwako," sauti ikaendelea, "kuna mgeni anayekula kabla yako, analala baada yako, na ananenepa kuliko watoto wako."

Vigelegele vikapungua. Redio mezani bado ilikuwa ikisema shhhhh. Sauti ilikuwa inatoka dirishani, pamoja na mlio wa gurudumu la mkokoteni lisilotiwa mafuta. Kyule alikuwa amesikia kwamba mjini kwetu, Jumamosi, kuna umati.

"Msindikize leo, kwa heshima. Panya, mende, kunguni."

Hakuna aliyecheka, hata mimi. Tulimtazama Kilonzo. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kabisa, na sauti yake inapita nje barabarani, inaaga, inashukuru, inaanza tena.

"Baba Katunge," Kalunde akasema. Alikuwa amekaa bila kujua amekaa lini. "Hiyo sauti."

Kilonzo alinyoosha tai yake.

"Si mimi huyo," akasema, kwa sauti ile ile.